Daftari la Mikojo

Jumatatu, 13 Oktoba 2014
Daftari hili kanipa daktari Stanislaus pale hospitali. Kasema niandike kila siku nimekojoa mara ngapi mchana, mara ngapi usiku, na nimemeza nini. Nikamwambia daktari, mi niliishia darasa la tano, na hilo darasa lenyewe niliingilia dirishani. Hakucheka. Akasema kama kuhesabu mpaka kumi unajua, inatosha.

Tezi dume imekua. Kabla ya kuniambia hivyo alivaa glovu, na hapo siandiki kitu, aliyepimwa anajua, ambaye hajapimwa zamu yake inakuja. Kachukua na damu. Halafu kanipa kapsuli na masharti mengi kuliko ya mahari. Moja kila siku, usiku, baada ya kula. Nisiruke. Nikiruka nisifidie kwa kumeza mbili. Nikiamka nikae kwanza kitandani ndo nisimame, maana zinashusha presha. Na kitu kingine chochote nitakachotaka kumeza, hata dawa ya mafua, nimwambie yeye kwanza.

Nikafikiri tumemaliza. Akauliza, "Na mambo ya nyumbani na mama, mzee Badru?"

Nikamwambia nyumbani bati linavuja lakini mama mzima. Akaningojea. Nikaangalia kalenda ukutani mpaka nikaijua yote.

Mi nauza viatu vya mtumba soko la Kasulu, na Jumamosi nabeba mzigo naenda Manyovu. Nimeshawahi kumuuzia pea nzima mtu mwenye mguu mmoja, akaondoka anashukuru. Maneno hayajawahi kunipungukia. Leo kwa daktari yamepungua.

Kapsuli nimezificha stoo, ndani ya buti la kushoto ambalo halina mwenzake.

14 Oktoba
Usiku mara tano. Mvua.

15 Oktoba
Tano. Choo kiko nyuma ya jiko, hatua arobaini, zote tope.

16 Oktoba
Nne na nusu. Hiyo nusu nilisimama na mwavuli mpaka miguu ikafa ganzi, hakikutoka kitu. Daktari atajua mwenyewe nusu anaiweka wapi.

Jumatatu, 20 Oktoba
Nimehamia stoo, nalala na viatu. Mke wangu Tunu kauliza kwa nini, nikamwambia viatu vipya vinaogopa giza. Alicheka kidogo, halafu hakucheka tena.

Acha niandike maana daftari halina mdomo. Kuamka amka ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba tangu kabla ya mfungo mi kama mume nimefunga duka. Mke wangu ana miaka arobaini na mbili, akinigeukia mi najifanya nakoroma. Mtu mzima, mjukuu ninaye, nakoroma macho wazi. Stoo angalau raba hazigeuki.

Jumamosi, 25 Oktoba
Manyovu. Pale kwenye magari ya kuvuka mpaka kuna Mrundi mmoja, Reverien, anabadilisha faranga, na kwenye mfuko wa ndani wa koti anauza vidonge vya wanaume. Bluu, havina boksi. Ananijua miaka mingi. Kanitazama akasema, "Mzee Badru, wewe leo huimbi viatu. Nina dawa." Nikamwambia hiyo dawa kawape majirani zako, mi nikimeza hiyo Manyovu yote italala mlango wazi. Watu wakacheka sana. Nikarudi Kasulu nimenuna njia nzima.

Usiku nne.

30 Oktoba
Tatu. Kapsuli inafanya kazi, namsifu daktari. Lakini kila nikiinuka ghafla naona nyota.

Jumanne, 11 Novemba
Siku nyingi sijaandika, na za mwisho nne sababu ninayo.

Ijumaa mvua ilinipiga sokoni nikapata mafua ya kukatisha tamaa. Nikanunua dukani vile vidonge vya mafua, vya kukausha pua. Sharti la daktari nililikumbuka, nikasema aa, pua na huku chini wapi na wapi. Jumamosi nikameza tena, nikapanda gari na mzigo.

Vilikausha pua. Vikakausha na kule. Kuanzia saa nne sikutoa hata tone. Mchana tumbo limekuwa gumu kama mpira wa miguu, natembea nimejikunja, wateja wanadhani nawaamkia. Nikamwachia mtu mzigo nikarudi Kasulu moja kwa moja hospitali, kila shimo la barabara nalihesabu kwa kibofu. Wakanitia mpira wa mkojo. Ukatoka mkojo wa kijiji kizima, nikalia kwa raha, siogopi kusema.

Daktari Stanislaus akaja Jumapili. Akasema dawa za kukausha mafua zinaibana ile njia iliyobanwa tayari, ndo maana aliniambia nimuulize. Alisema taratibu, na ile taratibu yake ndo inaudhi.

Sasa ujinga wangu wenyewe. Tunu alipopiga simu Jumamosi jioni, mi niko kitandani hospitali, hatua chache kutoka nyumbani kwetu, nikamwambia gari limekwama kwenye tope tunalala Manyovu. Jumapili nikasema bado limekwama. Jana mpira umetolewa, nikaenda nyumbani nimejipaka tope kwenye viatu.

Akaniwekea maji ya kuoga.

12 Novemba
Mbili tu usiku. Tunu kimya.

15 Novemba
Mbili. Firdausi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, shemeji yake ndo anaendesha gari la Manyovu. Nimelikumbuka hilo leo, wiki nzima nimechelewa.

19 Novemba
Daktari anasema majibu ya damu ni mazuri, tezi ni kukua tu, siyo ile mbaya. Ningekuwa na mtu wa kumwambia ningefurahi.

Jumapili, 23 Novemba
Leo Tunu kaja stoo na lile buti mkononi. Kaligeuza, kapsuli zikamwagika juu ya raba.

"Baba Zuhra, hizi ni za nini?"

Hapo ndo pa kusema. Mdomo wangu ukasema, "Dawa ya viatu. Hilo buti linaumwa upweke."

Akakaa chini kwenye gunia. Akasema moja alishaichukua juzi akamwonyesha Firdausi, na Firdausi kamwambia dawa ambayo mwanamume anaificha, anayoimeza kila siku, na huku kahama kitanda, inajulikana ni ya nini. Akasema, "Una miadi hospitali, una siku mbili hukulala nyumbani, na gari halikukwama. Kama umeupata huko Manyovu niambie, mimi nikapime. Sikuombi kingine."

Nikaelewa anasema nini. Nikashtuka mpaka nikacheka. Kile cha uoga, lakini kicheko ni kicheko.

Jumatatu, 24 Novemba
Tunu kaenda kwao Muyama. Kachukua nguo zake na jembe. Mwanamke akichukua jembe hajaenda kusalimia.

25 Novemba
Sikumeza.

26 Novemba
Sikumeza. Tatu. Nimeungua mkono na sufuria.

29 Novemba
Nne. Mvua inaingia na stoo. Nimempigia Zuhra, binti yetu, yuko Kibondo kaolewa. Kasema, "Baba, mama anasubiri useme, na wewe unasubiri acheke." Akakata simu. Nimemsomesha mimi huyo.

2 Desemba
Tano. Hivi vidonge nimevisusa kama vile vyenyewe ndo vilipanda gari kwenda Muyama.

Jumamosi, 6 Desemba
Manyovu. Nimeamua kesho kumfuata. Na nimeamua sitaki kusema, nitaonyesha. Mume akirudisha mke nyumbani awe na cha kumrudishia, hiyo ndo akili niliyokuwa nayo. Nikamvuta Reverien pembeni, nikanunua vidonge viwili.

Nikamuuliza vinamezwaje. Akasema, "Hii inakaa kutwa. Meza asubuhi, jioni bado uko kazini."

Nikamuuliza ukiwa unatumia dawa nyingine je. Akasema hapo inaongezeka nguvu. Mtu wa kubadilisha faranga ananipa udaktari na mimi naitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 8 Desemba
Naandika nikiwa Muyama, zahanati, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Ni ya jana hii.

Asubuhi, kabla ya gari, nilimeza kile cha bluu. Halafu nikakumbuka kapsuli za daktari, siku kumi na mbili sijazigusa. Nikasema nisiende kwa wakwe naomba choo kila dakika. Nikameza mbili za kufidia. Tumboni chai ya rangi tu.

Saa nne nikafika. Sasa ambaye hajaoa kwa Waha hajui salamu. Mimi watu wangu ni wa Ujiji, sisi shikamoo, marahaba, kiti kiko wapi. Kwa baba mkwe ni jambo jingine. Unavua kofia mbali, unakuja umeinama, unachuchumaa mbele yake, unapiga makofi taratibu, unaamkia mwakeye, mwakeye, naye anaitikia, anauliza watoto, unapiga makofi, anauliza mvua ya Kasulu, unapiga makofi, anauliza mtu mmoja mmoja mpaka waliokufa. Hunyanyuki mpaka akuambie. Na baba mkwe wangu, mzee Ndihokubwayo, salamu hakatishi. Safari hii hakukatisha kwa makusudi, maana binti yake karudi na jembe. Alikaa na kaka zake wawili, na kila mmoja alitaka salamu yake nzima.

Nilichuchumaa mpaka magoti yakasahau kwamba ni yangu. Masikio yakaanza kuimba. Tunu kasimama mlangoni pa jiko, mikono kifuani, haniangalii.

Mzee mwishoni akasema, "Haya, inuka."

Nikainuka haraka, kijana, ili Tunu aone. Kuinuka nakumbuka. Kuanguka naambiwa. Niliangukia kikapu cha mihogo, kofia huku, mimi kule, uso umekuwa wa majivu. Kaka mmoja wa mzee akasema kalewa. Mwingine akasema amerogwa na yule mwanamke wa Manyovu. Mwanamke wa Manyovu kumbe Muyama nzima wanamjua, mimi peke yangu sijakutana naye.

Wakanibeba kwa baiskeli mpaka zahanati. Nesi pale anaitwa Pascasie, mama mnene hana haraka. Akanilaza, miguu juu ya mto, akanifunga kile kitambaa cha presha, akakiangalia, akakifunga upya.

"Umekula nini?"

"Chai."

"Umemeza nini?"

Mlangoni wamesimama mzee Ndihokubwayo, kaka zake wote wawili, na Tunu. Nikasema nimemeza mate. Nimelala miguu juu, sioni vizuri, na bado natania. Hapo nilijichoka mwenyewe.

Pascasie hakucheka. Akasema, "Baba, presha yako haijafika themanini juu. Nikikupa kitu bila kujua ulichomeza naweza kukumaliza. Kifua kinauma? Una dawa yoyote ya moyo?"

Kabla sijajibu Tunu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Anameza za ukimwi. Mwambie nesi, baba Zuhra. Mimi naondoka hapa usinione. Mwambie tu upone."

Akageuka kweli aondoke. Yaani alikuwa tayari nisimwambie yeye, bora nipone.

Nikasema, "Kaa."

Halafu nikasema yote, mbele ya wakwe zangu watatu. Kwamba natumia dawa ya tezi, na leo nimemeza mbili baada ya kuziacha. Kwamba na cha bluu nimemeza, cha Manyovu, cha wanaume. Nesi akauliza cha nini. Nikasema mama, cha wanaume ni cha wanaume, tangu kabla ya mfungo mi siwezi kitu. Kaka mmoja wa mzee akatazama dari. Mzee Ndihokubwayo hakutazama dari, alinitazama mimi.

Pascasie akashusha pumzi. Akasema dawa ya tezi inashusha presha, ya wanaume nayo inashusha, mimi nimezipiga pamoja, tena dozi mbili, tumbo tupu, baada ya kukaa wiki mbili bila, halafu nikachuchumaa nusu saa nikasimama kama askari. "Ungekuwa na dawa ya moyo ile ya chini ya ulimi, saa hizi wanachimba."

Nikatoa daftari kwenye koti, maana daktari aliniambia nitembee nalo. Nesi akasoma mistari ya dawa, kisha akaishia pale 20 Oktoba, akampa Tunu bila kuniomba ruhusa.

Tunu anasoma polepole, kwa kidole. Nilikiona kidole kinavyoshuka. Kilisimama, kikarudi juu, kikashuka tena. Akafika na pale kwa mpira wa mkojo.

"Ulikuwa hospitali?"

"Nilikuwa hospitali."

"Na mimi niko nyumbani nakuchemshia maji."

"Ndiyo."

"Mwezi mzima umelala na viatu kwa ajili ya hili." Hakuuliza, alisema tu. Halafu akasema, "Mimi nilijua nimekuchosha. Baadaye nikajua umeniua. Hili hata halikunijia, kwa sababu hili lina dawa."

Jibu nilikuwa nalo, la kuchekesha, zuri kabisa. Nikalimeza. Hicho ndo kidonge pekee nilichomeza sawasawa mwaka huu.

Tunu akamwambia nesi atupime wote wawili hapo hapo. Akatupima. Tuko wazima. Akaniambia hajasema anarudi.

Jumanne, 9 Desemba
Presha imerudi sawa. Usiku nne, kwenye kopo, kalishika Tunu. Hiyo ndo hali ya mwanamume aliyekuja kuonyesha.

Asubuhi mzee kanifuata nyuma ya zahanati, peke yake. Kazunguka sana, mihogo, mvua, bei ya maharage. Halafu akauliza, "Hiyo hesabu yako. Tano ni nyingi?"

"Ni nyingi, baba."

"Mimi sita," akasema. "Mwaka wa tatu. Nilidhani ni uzee." Akanyoosha mkono nimpe kapsuli.

Nilitaka kumpa. Nimemwaibisha, nimeanguka kwenye mihogo yake, na mkwe akiomba hunyimwi. Lakini kichwani nikamwona anapiga magoti kanisani, anainuka, anaanguka kama mimi. Nikamwambia baba, hapana, hizi ni zangu kwa kipimo changu, wewe presha yako hatuijui na dawa unazomeza hatuzijui, nitakupeleka kwa daktari. Akakasirika. Akasema kumbe mkwe anamnyima hata kidonge. Kaondoka kanuna, na mimi nikabaki nimenuna. Mwezi mzima naadhibiwa kwa kuficha dawa, siku ya kwanza nazionyesha naadhibiwa kwa kutogawa.

Ijumaa, 12 Desemba
Tumerudi Kasulu. Tumerudi, wawili. Jembe kalibeba mwenyewe, hakuniachia.

Tumeingia kwa daktari Stanislaus pamoja. Tunu kasema mwenyewe yote bila kupepesa, mi naangalia kalenda, imebaki karatasi moja. Daktari kapima presha nimelala, kapima nimesimama, kauliza moyo, kifua, sukari. Kasema kwanza nirudie kapsuli, moja moja, wiki kadhaa, presha itulie. Halafu atanipa ile dawa nyingine, ya duka la dawa, yenye boksi na jina, kipimo cha chini kabisa, isimezwe wakati mmoja na kapsuli. Na hiki cha Reverien kilichobaki kakitia kwenye chupa yake ya takataka. Kasema hajui ndani yake kuna nini, na Reverien naye hajui.

"Nilikuuliza siku ya kwanza," akasema.

Nikamwambia najua, daktari, nilikuwa nasoma kalenda yako.

20 Desemba
Mbili. Stoo sasa viatu vinalala peke yao. Firdausi kaja kuomba chumvi, kakaa saa nzima. Tunu kamweleza tezi dume kwa sauti ya kunadi, mpaka soko la ndizi wamesikia. Leo wateja wawili wameninong'oneza, hawataki viatu, wanataka jina la daktari.

Jumamosi, 10 Januari 2015
Moja. Ile dawa ya boksi nimeianza wiki hii, nusu kidonge, kama alivyosema. Mengine siandiki. Daktari aliomba hesabu ya mikojo tu.

Alhamisi, 15 Januari
Maharage yamevunwa Muyama, na mzee Ndihokubwayo kashuka kwenye gari asubuhi na gunia moja na kigoda. Kigoda cha nini, baba, viti tunavyo. Kakiweka mbele yake, akasema kaa. Nikakataa, mkwe hakai. Akasema, "Kaa. Sina mihogo mingine."

Nikaamkia nimekaa. Makofi yote, mvua yote, mpaka waliokufa. Nadhani hakuna mkwe mwingine aliyewahi.

Mchana nikampeleka hospitali. Daktari kavaa glovu, mzee katoka hasemi na mtu. Kapewa kapsuli na daftari. Akasema hajui kuandika, mkwe wake ataandika. Basi mi sasa karani wa mikojo miwili, na mzee anakaa kwetu mpaka miadi ya pili.

16 Januari
Mzee: sita. Anaitangaza kutoka chumbani alfajiri kama anaadhini. Mimi: mbili.

18 Januari
Mzee: tano. Anataka niandike nne. Nimekataa. Hatuongei.

Jumanne, 20 Januari
Mzee: nne, za kweli. Mimi: moja. Mvua kubwa.

Kwenye hiyo moja yangu nilikutana na mzee njiani, kwenye tope, mi natoka chooni yeye anaingia. Mkwe ni mkwe, nikaanza kuchuchumaa. Akanishika bega akanisimamisha. Akasema kuanzia leo, kati ya jiko na choo, hakuna salamu.

Tukapishana.